Nilikuwepo, Tena Sikunywa

Wazee wenzangu tuliosoma Uingereza miaka ya 1970 wana ugonjwa mmoja. Wakikutana kwenye harusi au hitima, dakika kumi hazipiti, maharusi wameshasahauliwa, marehemu ameshasahauliwa, zimeanza habari za pabu. Oo, pabu za zamani! Oo, moto wa makaa ya mawe, bia ya pipa, watu wastaarabu, wala hakuna fujo! Juzi mmoja wao, mtu mzima na wajukuu zake, alilengwalengwa na machozi akisimulia rangi ya bia ya Yorkshire. Nikamtazama tu. Usiku huo anaousimulia nilimkokota mimi hadi mlangoni kwake, viatu vyake nimevishika mkononi. Anakumbuka nini huyu?

Sasa nimechoka kusikiliza. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuzisemea pabu za miaka ile ni mimi, kwa sababu moja tu: sinywi. Sikunywa Tanga, sikunywa Leeds, na leo sinywi. Wenzangu wana hisia. Mwenye kumbukumbu ni mimi.

Mtu atauliza, mtoto wa chuoni, aliyehitimu juzuu zake, alifuata nini pabu? Alifuata joto. Nilifika Leeds Oktoba 1971 kusomea mambo ya viwanda vya nguo, nikapanga chumba chenye hita ya gesi iliyofungwa mita ya kula sarafu. Ukiitumbukizia sarafu inawaka. Ukianza tu kukunjua vidole, imezima. Kukaa chumbani jioni nzima kulikuwa ghali kuliko kukaa pabu, ambako moto unawaka bure na kiti kina mto. Sharti lake ni kununua kinywaji. Na hapo kwenye kinywaji ndipo dhuluma ilipoanzia.

Painti ya bia ni mililita 568, yaani zaidi ya nusu lita. Mwenye kunywa bia analetewa glasi ya kushika kwa mikono miwili. Mimi niliyeomba juisi ya machungwa nililetewa kichupa cha mafunda matatu. Kikatikiswa, kikafunguliwa kwa heshima zote, kikamiminwa kwenye glasi isiyofika hata nusu. Bei yake? Inakaribia ya painti nzima. Nikiomba barafu, naletewa kipande kimoja, kwa koleo, na mwenye koleo ananitazama kama mtoaji sadaka. Nikanyamaza kwa kuwa ni mgeni.

Halafu nikafundishwa raundi. Pabu hakuna mhudumu wa kuja mezani. Mnakaa watu watano, mmoja anainuka kwenda kaunta, anawanunulia wote. Zikiisha, anainuka mwingine. Hakuna anayesema zamu ya nani, hakuna anayeandika, lakini kila mtu anajua, na ukiiruka zamu yako habari zitakutangulia hadi mtaa wa pili. Sasa nipigieni hesabu. Wanne wanakunywa painti, mmoja anakunywa vichupa. Zamu yao ikifika wananinunulia mafunda matatu. Zamu yangu ikifika nawanunulia zaidi ya lita mbili za bia. Tena nizibebe mwenyewe, glasi nne kwa mikono miwili, nikipenya katikati ya migongo ya watu, na tone likimwagika naambiwa nimefanya makusudi kwa sababu za dini.

Nilipokuja kusoma historia yao nikagundua kwamba serikali ya Uingereza iliwahi kunitetea, ila mimi ndiye nilichelewa kuzaliwa. Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vimepamba moto, ilianza kupiga marufuku kumnunulia mwenzako pombe. Kila mtu na chake. Na hawakutania: mwaka 1916 huko Southampton bwana mmoja alipigwa faini kwa kumnunulia mkewe glasi ya divai, na mke naye akapigwa faini kwa kuinywa. Sheria tamu kama ile, vita vilipokwisha wakaifuta.

Walichofuta, lakini, ni kile tu kilichonifaa mimi. Saa za kufunga hawakuzifuta. Pabu ilifunguliwa saa tano asubuhi, ikafungwa saa tisa alasiri, ikafunguliwa tena saa kumi na moja na nusu, ikafungwa saa nne na nusu usiku, kwingine saa tano, kadiri mahakimu wa eneo walivyoona inafaa. Mchana zilifungwa ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wasirudi kazini wakiyumba. Vita viliisha mwaka 1918. Kufunga mchana kuliisha mwaka 1988, na Jumapili wakangoja mpaka 1995. Halafu ndio hao hao wanaokuja kutuandikia ripoti kuhusu urasimu wetu.

Na msinicheke nikisema Waingereza walitutangulia kwenye ujamaa. Sisi tulitaifisha mabenki baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967. Wao mwaka 1916 walikuwa wameshataifisha baa! Mji wa Carlisle na viunga vyake, karibu na kiwanda kikubwa cha baruti cha Gretna, pabu na viwanda vya bia vilichukuliwa na serikali, mameneja wakawekwa kwenye mshahara ili wasiwe na haja ya kumshawishi mtu anywe. Uuze, usiuze, mwisho wa mwezi unalipwa. Sisi tuliopanga foleni kwenye maduka ya umma tunaielewa mbinu hiyo bila mwalimu. Iliendelea zaidi ya nusu karne. Zilimalizika kuuzwa mwaka 1973, nikiwa kule kule. Nilisikitika peke yangu.

Turudi kwenye ustaarabu. Saa ya kufunga ikikaribia, mwenye pabu anagonga kengele, anapaza sauti kwamba huu ndio wakati wa mwisho wa kuagiza. Watu waliokuwa wamekaa saa mbili na nusu glasi imesimama, ghafla wanakumbuka kiu. Wanaagiza mbili mbili. Kengele ya pili ikilia, sheria inawapa dakika kumi za kumalizia, na wanamalizia kweli, vichwa nyuma, koo zinacheza. Kisha wote wanamwagwa barabarani kwa pamoja, kwenye ukungu, na kila pabu ya mtaa imemwaga wake wakati huo huo. Niwaambie nilichokiona pale kituo cha basi? Hapana, hili ni gazeti la familia.

Pabu yetu ilikuwa na milango miwili, vyumba viwili na bei mbili. Upande wa kushoto wazee wa kazi: sakafu tupu, mabenchi, vishale na dhumna. Upande wa kulia zulia lenye maua makubwa mekundu, viti vya kitambaa, na wanaume waliokuja na wake zao. Bia ni ile ile, imetoka pipa lile lile, lakini ukiinywea juu ya zulia unaongeza peni. Juisi yangu tu ndiyo iliyouzwa ghali pande zote bila ubaguzi.

Nimetaja ubaguzi, na hili wenzangu wanalirukaga. Mwaka 1964 kijana mweusi Paul Stephenson aliingia pabu ya Bay Horse mjini Bristol, akahudumiwa, kisha akaambiwa atoke. Akagoma. Wakaitwa polisi, akawekwa ndani, akapelekwa mahakamani, kesi ikafutwa. Mwaka uliofuata ndipo ilipotungwa sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi kwenye pabu, hoteli na mahali pengine pa umma. Sisi tuliofika baadaye tulikuta sheria ipo, na tukakuta pia mbinu za kuizunguka. Kuna pabu moja, si hii yetu, ambako muuzaji aliifuta glasi moja kwa kitambaa muda wote niliosimama mbele yake. Hakunikataza kitu. Alifuta tu, anaimulika kwenye taa, anaifuta tena. Niliondoka ikiwa safi sana.

Wanawake nao walikuwa na kitabu chao. Dada mmoja wa Kisumu, mwanafunzi mwenzetu, aliagiza painti, akaambiwa pale mwanamke hauziwi painti, anauziwa nusu. Akaagiza nusu mbili. Akauziwa nusu mbili, kwenye glasi mbili, bila neno, na kila mtu akaridhika kwamba heshima imelindwa. London, kwenye baa ya mvinyo ya El Vino, mtaa wa waandishi wa habari wa Fleet Street, mwanamke hakuruhusiwa kusimama kaunta. Alipaswa kukaa chumba cha nyuma asubiri kuletewa. Mwanasheria mmoja na mwandishi mmoja wa habari walikwenda mahakamani, na walishinda rufaa mwaka 1982. Alfu moja mia tisa themanini na mbili, jamani. Mwanamke ameshakuwa waziri mkuu, lakini kuegemea kaunta, hapana.

Mbwa, kwa upande wake, hakuwa na kizuizi. Aliingia, akalala mbele ya moto, mahali pazuri kuliko pangu. Mtoto chini ya miaka 14 ndiye aliyekatazwa chumba cha bia. Kwa hiyo Jumapili utawakuta watoto wamekaa kizingitini kwenye upepo, kila mmoja na chupa ya soda na pakiti ya krispi, baba zao ndani na mbwa.

Chakula? Mwenye dini yake alikufa njaa. Kulikuwa na pai ya nguruwe, soseji ya damu ya nguruwe, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikatiwa chumvi, na krispi, alhamdulillahi, viazi vitupu, ila ugeuze pakiti usome kwanza maana nyingine zilitiwa ladha ya nyama ya nguruwe. Halal iliyobaki ilikuwa yai. Juu ya kaunta lilikaa dumu la kioo lenye siki na mayai ya kuchemsha yaliyomenywa. Sikuwahi kuona dumu lile likijazwa wala likipungua. Mama mwenye pabu aliingiza koleo la mbao, akalivua yai moja, linateleza, linakimbia, akalibana ukutani, akaliweka kwenye kisosi. Ukiling'ata meno yanasisimka hadi masikioni. Nililila kwa miaka. Lilikwenda vizuri na moto.

Lakini nisiwe mchoyo wa fadhila. Nilikuwa na raha yangu, na raha hiyo ilikuwa dhumna.

Wazee wa upande wa kushoto wengi walikuwa wastaafu wa viwanda na migodi, na kule Yorkshire mwanamume mwenye masharubu humwita mwanamume mwenzake mpenzi mchana kweupe, ukatafute pa kuficha uso. Mada yao kuu ilikuwa pesa mpya. Februari 1971 serikali ilikuwa imewaondolea shilingi, ikawaletea pauni ya peni mia, nao walikuwa bado wako kwenye matanga. Kila bei walitaka itafsiriwe kwa shilingi. Waliposikia natoka nchi ambayo bado ina shilingi, nikasogezewa kiti. Wakaniuliza kama najua dhumna. Mtoto wa Tanga, anaulizwa kama anajua dhumna!

Kumbe yao ilikuwa na hesabu. Hutafuti kumaliza kete tu. Unajumlisha ncha mbili za mnyororo, na jumla ikigawanyika kwa tatu au kwa tano unapata pointi. Ukifikisha 15 ni pointi nane, hakuna bao kubwa zaidi, maana inagawanyika kotekote. Pointi zinahesabiwa kwa vijiti vya kiberiti kwenye ubao wenye matundu. Hesabu hainisumbui, nikaiva haraka. Kilichonisumbua ni ukimya. Kwetu kete ya ushindi inapigwa mezani mpaka vikombe vya kahawa vinaruka, na mpigaji anasimama. Wao wanailaza taratibu, wanainyoosha kwa ncha ya kidole, kisha wanaangalia pembeni. Siku nilipoipiga 15 yangu ya kwanza kwa staili ya Ngamiani, Tanga, mbwa aliinuka na kuondoka, na upande wa zulia walichungulia. Ndipo nikaelekezwa mtaa wa Chapeltown, kwa watu wa visiwa vya St Kitts na Nevis, ambako meza inapigwa inavyostahili. Lakini Chapeltown ilikuwa mbali na chumba changu, na pale kwetu nilikuwa na kiti.

Februari 1972 wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa kwenye mgomo, umeme ukawa wa mgawo. Jioni moja taa zilizimika, mashine ya muziki ikakata wimbo katikati. Wenzangu wanaolia leo, siku hiyo walikuwa hawapo. Walikuwa pabu za kisasa za katikati ya mji, ambako bia ilipandishwa kwa pampu ya umeme, kwa hiyo walikaa gizani na glasi tupu. Kwetu pampu ilikuwa ya mkono. Mama mwenye pabu aliwasha mishumaa, akaichomeka kwenye chupa, akaendelea kuvuta bia. Na wazee hawakuacha kucheza. Vitone vya kete vimechimbwa, basi walivisoma kwa ncha za vidole, wanajumlisha gizani, na hakuna aliyedanganya. Mmoja wao, aliyefanya kazi mgodini tangu ana miaka 14, alisema kwa mtu wa chini ya ardhi huo ulikuwa mwanga mwingi. Alikuwa ananidai raundi.

Juu ya ubora wa bia yenyewe siwezi kutoa hukumu, ingawa nimesikiliza hoja zake nyingi kuliko za siasa. Machi 1971 Waingereza wanne waliokuwa likizo Ireland waliunda chama, CAMRA, cha kutetea bia ya pipa dhidi ya ile ya gesi, na mabishano hayajaisha mpaka leo. Kaskazini wanataka povu nene. Kusini wanasema povu ni wizi. Kuhusu kichupa cha juisi hakuna aliyeunda chama.

Na moshi! Hakuna anayeutaja moshi. Dari lilipakwa nyeupe, lakini weupe huo nilisimuliwa. Mimi nililikuta la kahawia. Sigara, kiko, sigara. Ijumaa tukikutana kuswali, waumini wenzangu walikuwa wananusa hewa, kisha wanajisogeza. Mwaka mzima wa kutokunywa, na bado nilinuka kuliko mlevi. Uingereza walikuja kupiga marufuku kuvuta ndani ya pabu tarehe 1 Julai 2007, na nasikia ndipo watu waligundua zulia lilikuwa linanuka nini siku zote.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kwa binti yangu anayeishi Leeds, nikamwambia anipeleke. Jengo lipo. Pabu haipo, ni duka dogo la vyakula. Nchi nzima ndivyo: mwanzoni mwa miaka ya 1980 pabu zilikuwa karibu elfu 70, sasa hazifiki elfu 50. Nikapima kwa macho, mlango huu, kaunta pale, nikafika mahali penye moto. Wameweka friji la juisi. Ya machungwa, lita nzima, bei ya kutupa. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nahitaji msaada. Ningeanzia wapi kumweleza?

Binti akanionea huruma, akanipeleka pabu nyingine, nzuri, alisema. Kuta zimechubuliwa makusudi zionekane za zamani. Viazi vililetwa ndani ya kindoo cha bati, samaki juu ya ubao. Kuagiza ni kwa simu: unapiga picha alama iliyobandikwa mezani, unalipa, kijana analeta bila kusema. Televisheni nne, mpira mmoja, hakuna anayeutazama. Meza ya pili walikaa vijana watano, kila mmoja kaagiza chake, kalipa chake kwa simu yake. Ile sheria ya 1915 niliyoililia imerudi yenyewe, bila vita wala bunge. Nikainuka. Nikawauliza wanakunywa nini, niwaletee. Walitazamana. Mmoja akasema, kwa adabu kabisa, asante mzee, tuko sawa, na kwa jicho akamtafuta binti yangu aje anichukue.

George Orwell aliandika gazetini mwaka 1946 kuisifu pabu aliyoipenda kuliko zote, The Moon Under Water, akaitaja sifa zake zote, kisha mwishoni akakiri haipo. Basi wenzangu wana mtangulizi mwenye jina. Mimi yangu ilikuwepo. Ilinuka, ilibagua, ilinipunja juisi kwa miaka na ilinilisha mayai ya siki. Na naiona bora kuliko hii ya kindoo, kwa hukumu ya mtu mwenye akili timamu wakati wote huo.

Kwa hiyo natoa ombi. Msomaji uliyeko Leeds, Bradford au popote Yorkshire, kama mtaani kwako imebaki pabu yenye moto wa kweli na wazee wa dhumna ya tatu na tano, niandikie kupitia kwa mhariri. Nauli nitajitegemea, na raundi ya kwanza ni yangu.